Nani Kamliza Bi Kunegunda?

Zawilce, 26 Agosti 1884

Mwanangu Gaudenty,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini huko Warshawa umeitikia, hata kama mdomo umejaa mkate.

Sisi wazima, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko padri. Bata bukini wamenona. Wananifuata hadi mlango wa kanisa, na yule dume mwenye shingo iliyopinda kamng'ata mke wa karani wa posta Jumapili mbele ya watu. Nilimwomba radhi yule mama. Bata sikumkaripia. Paa la ghala limezibwa. Mzee Kajetan Drozd, mchuuzi wetu wa farasi, anakusalimu na anasema ukitaka kuoa usichague mwanamke bila kumtazama meno. Nikamwambia, "Umechelewa, keshaoa, na Leokadia ana meno mazuri kuliko mumewe." Msalimie sana mkeo. Kichefuchefu kimempungua? Ale kabichi ya chumvi asubuhi kabla ya chai.

Barua yako ya Julai ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena. Gundi ilikuwa nyingi mpaka ukurasa wa mwisho ukang'ang'ania bahasha, na maneno yako ya kuagana sikuyasoma. Kwa hiyo huyo bwana anayetufungulia barua namsalimu hapa hapa: bwana, kama u mkubwa wangu, shikamoo, kama u mdogo, marahaba, na gundi tia kidogo.

Sasa jambo lililonikalisha mezani.

Ulidhani sitajua? Kila wiki Drozd analeta gazeti lenu la Upupu kutoka Lublin, kalificha chini ya tandiko, na kulisoma kwa sauti katika duka la dawa. Watu wanakuja na kikohozi wasichokuwa nacho. Mji mzima unajua kwamba yule Bi Kunegunda wako, mjane wa bata, anayegombana na wakubwa kila Alhamisi, ni mimi. Ana goti langu. Ana bata wangu. Ana hata msemo wangu, "Mjinga akivaa kofia, ipe pole kofia." Alipomwuliza mkuu wa wilaya kama amri yake ya kufunga madirisha inawahusu na bata, nilicheka mpaka nikapewa maji.

Kuchekwa hakuniudhi. Aliyelea mtoto mwandishi ajue ataliwa mchana kweupe. Lakini toleo la juzi! Kunegunda anapiga magoti ofisini kwa mkuu wa wilaya. Analia. Anambusu mkono, anasema ulimi wa mjane heri ungefungiwa kabatini. Drozd alipofika hapo akalikunja gazeti. Mwuza dawa akaniambia, "Mama Petronela, pole sana." Ananipa pole kama mtu aliyefiwa!

Nani kamliza, Gaudenty? Nakuuliza mara moja, na unijibu mara moja.

Shangazi yako aliyekulea,
Petronela


Warshawa, 19 Septemba 1884

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Milele amina, na mdomo haukuwa na mkate bali jino. Limeniuma wiki nzima. Lilikuwa la nyuma kulia, na daktari aliling'oa huku akinieleza maoni yake juu ya maigizo ya msimu huu, nami sikuweza kumpinga. Leokadia hajambo. Kabichi imesaidia. Sasa anaila mchana na usiku pia, na ngazi nzima ya jengo letu inanuka kama jikoni kwako, jambo ambalo mimi nalipenda na mwenye nyumba halipendi. Mtoto tunamtarajia Machi. Akiwa wa kike ataitwa Petronela, ulitake usilitake.

Mvua zimeanza. Kasuku wa jirani kafa. Mhariri wetu kanunua miwani mipya ili asome vizuri yale wakubwa wanayotukatia gazetini.

Kuhusu Bi Kunegunda, shangazi, ni hadithi tu. Wasomaji huchoka na mtu anayesema vile vile kila wiki, na mwandishi naye huchoka. Watu hubadilika, wajane pia. Nafikiria hata kumwoza. Usilitie moyoni.

Kwa nini usije kukaa nasi majira ya baridi? Chumba cha nyuma kina jiko zuri. Nakutumia shali ya sufu, ya kijivu, ya kukufaa goti au bega, chochote kitakachotangulia kulalamika.

Mwanao,
Gaudenty


Zawilce, 10 Oktoba 1884

Gaudenty,

Tumsifu Yesu Kristo. Shali imefika. Nzuri. Nimempa dume la bata alalie, maana mimi sivai hongo.

Natania. Nimeivaa. Lakini sikiliza. Jino umeliandikia mistari mingi, kasuku wa watu umemwandikia msiba, na swali langu umelipitia pembeni kama mtu anayekwepa tope. Nimekulea tangu ukiwa na miaka sita. Najua unavyosema uongo: unachangamka.

Nitakukumbusha jambo ambalo tangu hapo hatujalizungumza. Asubuhi ile walipokuja kumchukua baba yako, mwaka ule wa maasi dhidi ya Warusi, mimi nilisimama langoni nimekushika mkono. Baba yako, kaka yangu wa pekee, alikuwa juu ya gari, miguu imefungwa. Yule ofisa alikuwa akitutazama, anangoja. Wewe ukanivuta gauni ukauliza, "Shangazi, mbona hulii?" Nikakwambia, "Tutalia wakishaondoka." Na walipoondoka tulilia, mimi na wewe, sakafuni jikoni, mpaka moto ukazimika. Kaka yangu hakurudi kutoka Siberia. Lakini yule ofisa hakupata alichokuwa anakingoja pale langoni.

Kwa hiyo usiniambie Kunegunda ni hadithi tu. Umechukua goti langu, bata wangu na maneno yangu, halafu umempa machozi ambayo si yangu. Sijalia mbele yao. Wewe ulikuwepo. Wewe ndiye shahidi pekee aliyebaki hai, na shahidi ndiye huyo anayekwenda kusema kinyume.

Nisipopata jibu la kweli, Noeli hii mkate wenu, ule mwembamba wa kumegeana mkesha, sitautuma. Unajua maana yake. Marehemu mjomba wako Bonawentura alikula mkesha wa Noeli bila mkate wa nyumba hii mpaka anaingia kaburini, kwa sababu alinyanyua glasi kwa afya ya Kaisari wa Urusi na hakutaka kusema amekosa. Kwetu mkate ule mwembamba haumegwi na mtu mwenye kinyongo. Aliyekosa ndiye anayeanza kusema. Aliyekosewa ananyoosha mkono wenye mkate, ananyamaza, anangoja. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yangu, na hivyo ndivyo nitakavyofanya.

Mkono wangu nimeshaunyoosha.

Petronela


Warshawa, 3 Novemba 1884
(kwa mkono wa Mzee Drozd)

Shangazi yangu,

Shikamoo. Drozd yuko hapa mezani, anakula maandazi ya Leokadia na kumsifu kwa maneno anayowasifia farasi. Kaja kuuza wale wawili wa kahawia. Barua hii ataishona ndani ya koti, kwa hiyo leo hatufunguliwi na mtu na naweza kusema.

Julai niliitwa na mkaguzi wa magazeti, yule ambaye bila muhuri wake hatuchapi hata tangazo la sabuni. Ni mtu mpole. Alinikaribisha chai. Matoleo yote ya Kunegunda yalikuwa mbele yake, na pembeni mwa kila moja kulikuwa na wino mwekundu.

"Bwana Wasik," akaniambia, "huyu mama yupo?"

"Hayupo, mheshimiwa. Nimembuni."

"Vizuri. Maana angekuwepo, ningetaka kujua anaishi wapi."

Akakoroga chai. Kisha akasema wasomaji wangefurahi kumwona mama huyo akitubu. Akitubu, Upupu litaendelea. Asipotubu, gazeti litafungwa, mimi nitaondolewa Warshawa, na yeye atalazimika kutafuta kama kuna mjane wa bata mahali fulani upande wa Lublin.

Nilirudi nyumbani nikaandika yale magoti na yale machozi. Niliandika nikiwa nimekuona wewe langoni, shangazi, usidhani nilisahau. Nilimliza yeye ili wasikuguse wewe. Niliona ni biashara nzuri.

Na leo Drozd, kati ya andazi na andazi, ananiambia, "Aa, si mkuu wa wilaya alishakwenda kwake tangu Mei? Hukuambiwa?" Tangu Mei! Siku ya somo wako, mtakatifu wa jina lako, kumbe, na wageni wamejaa. Umeniandikia juu ya goti, paa, bata na mke wa karani, na juu ya hilo hukuandika hata herufi. Halafu mimi ndiye ninayekwepa tope.

Nimemliza bure, basi. Walikuwa wameshafika kwako kabla sijachovya kalamu.

Sasa wanataka zaidi. Katika toleo la Noeli Kunegunda aolewe na askari mstaafu wa Kirusi, mpole, mwenye pensheni. Wafunge ndoa ya amani, na mama aache kusema. Mkaguzi anaona ni zawadi nzuri kwa umma. Mhariri anaona ndiyo njia ya kuliokoa gazeti. Leokadia ananitazama tu, na hilo ni baya zaidi.

Shangazi, nimechoka. Rafiki yangu ananitafutia kazi ya ukarani wa reli. Mtoto anakuja. Niambie niache, nami nitaacha kesho. Sitaona aibu ukiniambia wewe.

Gaudenty


Zawilce, 14 Novemba 1884
(kwa mkono wa Drozd, pamoja na bata)

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Bata huyu ni wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, nimemkausha kwa moshi wa mti wa mtofaa. Si yule dume. Yule bado ana kazi.

Umeanza wewe kusema, na umesema kweli, basi na mimi nitasema. Naam, alikuja. Unajua siku ya somo huku kwetu mlango haufungwi na mgeni hafukuzwi, awe nani. Na yeye anaijua desturi hiyo, ndiyo maana akaichagua siku ile. Nyumba imejaa, padri yupo, mwuza dawa yupo, keki ipo mezani, mkuu wa wilaya huyoo na askari wawili.

"Hongera kwa siku yako, mama," akasema. Akakaa kwenye kiti cha baba yako. Nikamkatia keki. Ningefanya nini? Ni mgeni.

Akala. Akafuta masharubu. "Wanasema wewe ndiye Kunegunda."

"Wanakosea, bwana mkubwa. Kunegunda ana bata wengi kuliko mimi."

Mwuza dawa alikabwa na chai mpaka akapigwa mgongoni. Mkuu hakucheka. Aliwaambia askari wafungue kabati, wakachukua magazeti yako yote niliyoyatunza tangu la kwanza, na barua za baba yako alizoandika njiani kwenda Siberia. Hizo ndizo zilizoniuma. Gazeti litachapwa jingine. Kisha akatoa amri kwamba nyumbani kwangu wageni wasizidi watatu kwa wakati mmoja, siku yoyote ile, na akaaga kwa heshima zote.

Mimi nilimsindikiza hadi langoni. Nikafunga lango. Ndipo nikalia, na padri alilia pia, ingawa atakana.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungeiweka kalamu chini. Na wewe hukuniandikia kwa sababu uliogopa nitakwambia uiweke chini. Tazama ukoo wetu ulivyo: kila mmoja anamlinda mwenzake mpaka wote wawili wanabaki wamefungwa mdomo, na mkaguzi hana haja ya kufanya kazi.

Tangu Mei watu wanakuja kwangu watatu watatu. Watatu wakitoka, watatu wanaingia. Wengine wananyeshewa pale nje wakingoja zamu. Zamani Jumapili nilikuwa napata wageni wanne au watano, na hao kwa ajili ya keki. Sasa anakuja hata mke wa karani wa posta aliyeng'atwa. Huyo mkuu wa wilaya kanifanyia jina ambalo wewe na gazeti lako hamkuweza.

Unaniuliza kama uache. Jibu langu: usiache.

Usimwoze. Na usimfanye shujaa wa kupepea bendera pia, maana mashujaa tunao wengi, wamelala msituni na hawana hata misalaba. Kunegunda ni mama mzee anayeuza bata na kusema anachokiona. Muache hivyo hivyo. Ninachotaka ni kimoja tu: asilie mbele yao. Angoje waondoke.

Na wakilifunga gazeti, walifunge. Nimeshaona milango mingi ikifungwa, na mingine nimeifunga mwenyewe. Kitanda chako kipo. Ukarani wa reli waachie wenye mwandiko mzuri, kuliko wa kwako hata kuku anachakura vizuri zaidi.

Kuhusu mkate wa Noeli, bado natazama.

Petronela


Warshawa, 13 Desemba 1884

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Milele amina. Bata kafika, kaliwa, kaombolezwa. Leokadia aliula mgongo wote peke yake na anasema ni mtoto ndiye aliyetaka. Baridi imeshika, mto umeganda, wauza samaki wanatoboa barafu. Mimi ni mzima. Sina jino lingine la kukuhadithia.

Hii inakuja kwa posta, kwa hiyo namsalimu na yule bwana wetu wa gundi, baridi hii isimkaushie brashi.

Toleo la Noeli liko tayari. Bi Kunegunda yumo, na yule askari mstaafu yumo, kama nilivyoagizwa. Nimeandika habari ya mkesha wa Noeli mezani kwake, basi. Mkaguzi alisoma mara mbili mbele yangu. Akasema ni habari nzuri, ya dini na ya upatanisho, na kwamba hakunijua kuwa na moyo laini kiasi hicho. Hakutia wino mwekundu popote. Alipiga muhuri pale pale na kunitakia sikukuu njema.

Siku ya mkesha tutaweka sahani yako kama kawaida, uje usije.

Gaudenty


Zawilce, 21 Desemba 1884

Mwanangu, mwana wa kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo! Theluji imefika dirishani. Goti, paa, bata, vyote salama, sina muda navyo leo.

Drozd kaleta gazeti jana. Duka la dawa lilijaa mpaka mwuza dawa akahamisha chupa. Drozd akasoma.

Akasoma jinsi Bi Kunegunda anavyotandika nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza. Supu nyekundu iko motoni, sahani ya mgeni asiyetarajiwa imewekwa. Mlango unagongwa. Ni yule askari mstaafu, theluji mabegani, kofia mkononi, kaja kuposa. Mkesha wa Noeli mgeni hafukuzwi, basi Kunegunda anamwonyesha kile kiti na ile sahani. Watu walianza kunung'unika. Mmoja nyuma akasema, "Anamwoza kweli, mjinga yule!"

"Nyamazeni," nikasema, "mwacheni asome mpaka mwisho."

Ndipo Kunegunda anachukua mkate wa Noeli. Anaunyoosha kwa mgeni. Hasemi kitu. Mgeni anatabasamu, anatazama supu, anatazama mkate, haelewi kwa nini hakuna anayekula. Bata wananyamaza uani. Supu inapoa. Na Kunegunda amesimama vile vile, mkono umenyooka, macho makavu, anangoja. Mwisho. Hakuna zaidi ya hapo.

Gaudenty, watu wote wa duka lile walielewa. Hakuna mtoto wa Kipolandi asiyejua kwamba aliyekosa ndiye anayeanza. Mkaguzi wako kaona mama mpole anamkaribisha askari mkate. Sisi tuliona nchi nzima imesimama mezani na mkono umenyooshwa, inasubiri waseme wao. Mwuza dawa alivua kofia. Kisha mke wa karani wa posta akasema, "Asome tena." Drozd alisoma tena mpaka sauti ikamwisha, wakampa dawa ya kikohozi bure.

Mimi sikulia pale. Nilingoja nifike nyumbani.

Sasa, mkate wako huu hapa, ndani ya karatasi ya buluu. Mwaka huu wenye picha ya hori la Betlehemu. Ni mzima, sijaumega hata kidogo. Umegeni ninyi wawili, na cha mtoto mmwekee. Sina kinyongo.

Shangazi yako,
Petronela, na unaweza kumwambia yeyote kwamba ndiye Kunegunda


Warshawa, 8 Januari 1885

Shangazi, shikamoo.

Sikukuu zimepita salama, na mkate wako umefika baada yake. Leokadia yu mzima, mtoto anapiga mateke kama ana kesi. Tulikula supu na samaki, tukaimba, sahani yako ilikaa tupu na tukaitazama sana.

Nina habari mbili.

Ya kwanza umeitarajia. Kuna mtu alimweleza mkaguzi desturi yetu ya mkate. Sijui nani, na nimejizuia kubahatisha. Siku ya pili ya Noeli walikuja na lakiri, na Upupu limefungwa. Mkaguzi aliniita tena. Safari hii hapakuwa na chai. "Umenifanya mjinga," akaniambia, na nilimwona ameumia kwelikweli. Nimeamriwa nitoke Warshawa kabla mwezi haujaisha, nikakae mahali nilipozaliwa chini ya macho ya mkuu wa wilaya, ambaye unamfahamu. Basi adhabu yangu ni kuishi na wewe. Mhariri anasema serikali imenionea kupita kiasi.

Sijuti. Nimeandika neno hilo polepole, na sijalifuta.

Habari ya pili ni ndogo. Bahasha ilifunguliwa kama kawaida, ikabandikwa kwa gundi kidogo mno, kazi safi. Karatasi ya buluu ilikuwa mahali pake. Lakini mkate hauna pembe moja. Haikuvunjika njiani, maana makombo hayamo. Imemegwa kwa vidole, vizuri, pale penye mbawa za malaika. Mtu wa gundi kala mkate wetu, shangazi.

Uliobaki tumeumega sisi.

Gaudenty


Zawilce, 16 Januari 1885

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Kitanda chako nimekirefusha kwa ubao, maana mtalala wawili na baadaye watatu. Amri ya wageni watatu bado ipo, na nyie, pamoja na wa tumboni, ni watatu kamili, kwa hiyo nyumba yangu itakuwa imejaa kisheria na mkuu wa wilaya mwenyewe hataruhusiwa kuingia. Nimeshamtumia salamu hiyo kupitia kwa padri. Njooni kabla barabara haijawa mbaya. Drozd atawangoja stesheni ya Lublin na gari la theluji na blanketi.

Usijute, na usirudie kuniambia kwamba hujuti. Fanya kazi. Mezani kwangu kuna nafasi ya karatasi, na wino mwuza dawa anautengeneza mwenyewe.

Yanayobaki si yako, ni ya huyo bwana.

Bwana unayefungua barua: umemega mkate wangu. Labda ulikuwa na njaa, labda ulikuwa mbali na kwenu siku ya mkesha, sijui, na sikuulizi jina. Lakini kama ulijua ule ni mkate gani, basi unajua na mengine. Umesoma habari za goti langu, mimba ya mwanamke usiyemjua, na jino la mwanangu. Ulisoma yote hayo na ukayapeleka kwa wakubwa zako. Sasa umekula kwetu. Aliyekosa ndiye anayeanza kusema.

Mkono wangu umenyooka. Mimi ni mzee na goti linauma, lakini najua kusimama.

Petronela Wasik, mjane, Zawilce


Warshawa, 25 Januari 1885

Shangazi, shikamoo.

Tunaondoka keshokutwa. Vitabu nimegawa, vyombo vimefungwa, kalamu nimeivingirisha ndani ya soksi. Leokadia ni mzima na anadai bata.

Barua yako ya tarehe 16 imefika leo. Imefunguliwa. Safari hii haikubandikwa. Bahasha ilikuwa wazi kabisa, imefungwa kwa uzi mweupe tu, kama mtu anavyofunga kidonda cha kidole. Ndani, kati ya ukurasa wako wa kwanza na wa pili, kulikuwa na kipande cha mkate wa Noeli. Si wa kwetu. Wa kwetu ulikuwa na hori, hiki kina nyota. Kimekauka, kinaonekana kimetunzwa tangu mkesha. Hakuna neno lililoandikwa, na chini ya kile kipande zilikuwa barua tatu za baba, zile alizoandika njiani kwenda Siberia, zilizochukuliwa kwako Mei. Sijui zilifikaje mkononi mwake wala alithubutuje kuzitoa.

Sijakimega. Nakuja nacho, na barua za baba nazileta kifuani.

Najua utasema haitoshi. Haitoshi, shangazi. Lakini ameanza yeye.

Weka sahani moja zaidi.

Mwanao,
Gaudenty